Masaa Matatu ya Kufikiri Kila Wiki: Mwongozo Kamili kwa Shefu wa Timu Lubumbashi

Shefu anayetafuta muda wa kufikiri huanza kwa kufunga mlango. Anaandika kwenye kalenda "Jumanne, nisisumbuliwe" na kumwambia sekretari asimpitishe mtu. Wiki ya kwanza inapita vizuri. Wiki ya pili dereva anagonga kwa sababu boni ya mafuta haina sahihi na gari linatakiwa Kasumbalesa kabla ya jioni. Wiki ya tatu mlango uko wazi kama zamani, na shefu anajiambia kazi yake hairuhusu mambo hayo.

Maswali yaliyogonga mlango hayakuwa na mahali pengine pa kwenda. Sahihi ni yake peke yake, habari iko kichwani mwake peke yake, na ruhusa ya dola ishirini inatoka kwake peke yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaufunga mlango mwishoni. Kwanza unapima maswali, kisha unagawa maamuzi, kisha unatengeneza namna timu inavyosemezana. Ukifika kwenye kalenda, sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika. Tenga wiki sita kwa yote.

Mfano tutakaoutumia ni kampuni ya usafirishaji na forodha yenye watu kama ishirini na tano: biro mjini, depo Kampemba, madeklaranti wawili (wanaojaza matamko ya forodha) mpakani Kasumbalesa, na mkurugenzi mkuu Kinshasa. Anayeendesha karakana, kliniki au biro ya shirika, hata kule Goma au Bukavu, abadilishe majina ya kazi tu. Masaa tunayaandika kwa tarakimu, kama 07h30, na sababu yake itaonekana mbele.

Wiki ya 1: pima nani anakukatiza na kwa nini

Chukua daftari la kawaida, si simu, maana simu yenyewe ni mmoja wa wanaokukatiza. Gawa ukurasa kwa safu tano za kusimama: saa, nani, alitaka nini, dakika ngapi, aina. Kwa siku tano za kazi, kila mtu akikukatiza, awe ameingia, amepiga simu au ametuma ujumbe ukaujibu papo hapo, andika mstari mmoja. Usingoje jioni uandike kwa kukumbuka. Utasahau yale ya dakika mbili, na hayo ndiyo yanayokula siku.

Kwenye safu ya aina tumia herufi moja:

R ni ruhusa: mtu anajua la kufanya lakini anahitaji "ndiyo" yako au pesa.
H ni habari: anauliza kitu ambacho kingeweza kuandikwa mahali. Namba ya gari, bei ya mteja fulani, tarehe ya malipo.
U ni uamuzi wa kweli: kuna njia mbili na hajui ipi.
D ni dharura: mtu ameumia, mzigo umeibwa, mtu wetu amekamatwa.
B ni binafsi: avansi ya mshahara, matanga, karo ya mtoto, ruhusa ya kwenda hospitali.

Usianze wiki yenye tarehe 15, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kutangaza TVA (kodi ya ongezeko la thamani) na kodi ya mishahara kule DGI, idara ya kodi, na wahasibu watakuvuruga hesabu. Wiki ya mishahara nayo iache. Unataka wiki ya kawaida.

Ijumaa jioni jumlisha idadi na dakika za kila herufi. Ongeza dakika tano kwa kila mara uliyokatizwa ukiwa kwenye kazi ya kuandika au kuhesabu, kwa ajili ya kurudi pale ulipoachia. Mashefu wengi wanatarajia kukuta U na D nyingi, kwa sababu hayo ndiyo wanayoyakumbuka wakifika nyumbani. Daftari huonyesha R na H. Hapo ndipo masaa yako yalipo.

Wiki ya 2: gawa maamuzi kwa ngazi na kwa dola

"Jisikieni huru kuamua" si kugawa madaraka. Mtu mwenye akili hatajisikia huru hata kidogo: anajua pesa ikipotea ataitwa yeye. Anachohitaji ni mpaka ulioandikwa. Tumia ngazi nne.

Ngazi ya 1: amua, usiniambie. Ngazi ya 2: amua, niambie jioni. Ngazi ya 3: niletee pendekezo, ungoje jibu. Ngazi ya 4: niite sasa hivi, hata kama niko kanisani.

Kaa na kila anayekuripotia moja kwa moja, mmoja mmoja, ukiwa na orodha ya R zilizotoka kwake wiki iliyopita. Pitieni moja moja na kuipa ngazi. Inachukua dakika arobaini kwa mtu. Mkimaliza anaandika yeye, si wewe, ukurasa mmoja. Mnausaini wote wawili na kila mmoja anabaki na nakala. Sahihi hiyo si urasimu: siku mkurugenzi akipiga kutoka Kinshasa kuuliza nani aliruhusu tairi linunuliwe Likasi, mtu wako ana karatasi ya kumkinga.

Kiasi cha pesa ndipo watu wengi hukwama, maana wanakitoa kichwani. Kuna njia bora. Chukua vocha za kesi ndogo, yaani pesa taslimu za matumizi madogo, za miezi miwili iliyopita, zipange kutoka ndogo kwenda kubwa, kisha tafuta ya kwanza uliyoikataa au kuipunguza. Tuseme ni ya dola 80. Chini ya hapo umesema "ndiyo" kila mara, kwa hiyo sahihi yako haikulinda kitu. Weka mpaka wa ngazi ya 2 kwenye dola 60 kwa tukio, kisha weka mpaka wa pili kwa wiki, labda dola 200, ili mtu asigawe matumizi ya dola 240 katika vipande vinne vya 60. Masharti ni mawili: picha ya risiti siku hiyohiyo, na sababu katika sentensi moja.

Mambo fulani hayashuki: kusaini mkataba, kuajiri na kufukuza, kubadilisha bei ya mteja, kusaini tamko la forodha bila deklaranti mwenye haki ya kufanya hivyo, na kuzungumza na polisi au wanasheria baada ya ajali. Yaandike chini kabisa ya ukurasa huohuo.

Kinachovunja hatua hii ni jambo moja. Shefu wa depo anaamua ndani ya mpaka wake, anakosea, na unamfokea mbele ya watu. Kesho yake timu nzima inarudi mlangoni, na usishangae. Kosa lililofanywa ndani ya mpaka linazungumzwa wawili, kwa swali "ulikuwa na habari gani wakati ule?". Adhabu ni kwa aliyeuvuka mpaka au kuficha risiti. Kama makosa yanajirudia ndani ya mpaka, shusha mpaka kwa maandishi, bila kelele.

Herufi B inataka mlango wake

Vitabu vya uongozi vilivyoandikwa mbali huligusa hili juujuu tu. Hapa kwetu shefu ni mzazi kidogo, na mtu akifiwa au mtoto akirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya karo, atakuja kwako kwanza kabla ya kwenda kwa mhasibu. Kumfukuza ni ukatili, na timu itakuhesabia. Kumsikiliza saa yoyote nako kunakumaliza, hasa Septemba shule zinapofunguliwa.

Weka saa moja ya wazi Ijumaa, 14h00 mpaka 15h00, kwa mambo ya nyumbani tu, mlango wazi na kiti cha pili kimevutwa. Kwa avansi, andika kanuni pamoja na mhasibu: fomu moja, maombi yapokelewe mpaka tarehe 18, malipo tarehe 20, kiasi kisizidi theluthi ya mshahara, na avansi mpya haitoki kabla ya ile ya zamani kuisha. Hapo hata "hapana" haitoki mdomoni mwako, inatoka kwenye kanuni, na heshima inabaki. Msiba na ugonjwa havingoji Ijumaa, hivyo vipe ngazi ya 4. Mchango wa matanga apewe mtu mmoja wa timu anayeaminika, mwenye daftari la mutuelle (mfuko wa kusaidiana), ili usiwe wewe unayekusanya faranga kila mara.

Wiki ya 3: dakika kumi na tano za asubuhi

Mkutano wa asubuhi unaua maswali ya aina ya H kabla hayajazaliwa. Ufanyike depo, watu wamesimama, saa moja na dakika arobaini, yaani 07h40, kabla magari hayajatoka. Watu wasizidi kumi. Nane wakisema dakika moja na nusu kila mmoja, ni dakika kumi na mbili, zinabaki tatu. Zaidi ya kumi, gawa makundi mawili.

Kila mmoja anajibu matatu tu: nini kimebadilika tangu jana, nini kinaweza kukwama leo, na ninahitaji nini kutoka kwa nani. Hakuna kutatua tatizo pale. Wawili wakianza kubishana kuhusu karatasi za gari fulani, msimamizi anasema "ninyi wawili, baadaye", na wanabaki baada ya wengine kuondoka. Msimamizi abadilike kila wiki.

Wewe sema mwisho. Ukisema kwanza, hakuna atakayekupinga mbele ya wenzake, na habari mbaya itakufikia saa kumi jioni wakati dawa imeshachelewa. Kuna ugumu wa umri: Papa mwenye miaka ishirini kwenye usukani hapendi kijana wa biro aulizwe kabla yake. Mfuate kando siku moja kabla, mweleze kwamba mzunguko unaanzia kushoto na kwenda kulia kila siku, haufuati cheo, na umwombe aufungue siku ya kwanza. Akifungua yeye, jambo limekubalika. Na usimsahihishe mtu mzima kwenye duara hata kama amekosea tarehe, isipokuwa kosa hilo litatuma gari njia isiyo yake.

Baada ya mkutano, mtu mmoja anaandika mistari isiyozidi sita kwenye ubao wa depo na kuupiga picha. Picha inakwenda kwenye kundi la simu, na hiyo inatosha kuwa raporti.

Makundi ya WhatsApp

Kampuni nyingi mjini zina kundi moja ambamo mna kila kitu: gari lililokwama, sala ya asubuhi, tangazo la mishahara, video ya mpira wa Mazembe. Ujumbe muhimu unazama humo, kisha mtu anakupigia kuuliza kilichokwisha kuandikwa. Tenganisha makundi matatu.

La kwanza ni Matangazo. Ingia kwenye mipangilio ya kundi na uruhusu wasimamizi pekee kutuma. Ujumbe mmoja au miwili kwa siku, basi. La pili ni Kazi: magari, mzigo, mpaka. La tatu ni Familia, la pole, hongera na utani. Usilifunge hilo la tatu, maana ukilifunga utani utahamia kwenye Kazi.

Kwenye kundi la Kazi, kila ujumbe wa tatizo uwe na vitu vitano: mahali, kilichotokea, nilichofanya, ninachotaka, kabla ya saa ngapi. Linganisha hizi mbili:

"Shefu, huku kuna tatizo, utupigie."

"Kasumbalesa. Gari la 07 limezuiwa, karatasi ya uzito haisomeki. Nimeomba nakala kwa msafirishaji wa kwanza. Ninataka biro itume skani yake kabla ya 14h00, la sivyo gari linalala hapa."

Ule wa kwanza unazaa simu tatu. Ule wa pili unajibiwa na sekretari bila wewe kujua. Bandika mfano huu juu ya kundi, na kwa wiki mbili za mwanzo mtu akiandika kwa mtindo wa zamani mjibu kwa neno moja: "Vitano?" Utaonekana mkali, lakini watazoea.

Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, na uamuzi wowote uliotolewa kwa sauti uandikwe pia kwa maneno. Sauti haitafutiki wiki tatu baadaye mnapobishana nani aliagiza nini, na mtu aliye barabarani kati ya Likasi na Kolwezi mara nyingine hana mtandao wa kuipakua. Karipio na mishahara visiingie kwenye kundi lolote. Na usitume kitu saa nne usiku hata kama umekikumbuka saa hiyo. Kwako ni kumbukumbu, kwa dereva ni amri. Andika kwenye daftari na utume asubuhi.

Kifaransa cha karatasi, Kiswahili cha mdomo

Agizo linafika kwa imeili ya Kifaransa, linasomwa na mkuu wa huduma, linasemwa kwa Kiswahili kwa shefu wa depo, naye analisema upya kwa madereva, mmoja wao Mzambia anayejua Kibemba kuliko vyote. Katika mikono hiyo mitatu hupotea vitu vilevile kila mara: namba, tarehe, na neno "isipokuwa".

Dawa ni kurudisha maneno. Ukishatoa agizo usiulize "umeelewa?", maana jibu ni "ndiyo, shefu" hata kwa asiyeelewa. Heshima haimruhusu kusema vingine. Mwambie: "Nirudishie namna ulivyosikia, nione kama nimesema vizuri." Mzigo wa kosa unakuwa kwako na anapata nafasi ya kuuliza. Kwa jambo lolote lenye namba, aandike yeye mwenyewe kwenye karatasi ya safari.

Masaa ni hatari peke yake. "Saa mbili" kwa mama wa Katuba ni 08h00, na kwa aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa inaweza kuwa 14h00. Ndiyo sababu ya tarakimu. Ongeza na jina la mji: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Dar es Salaam. Mkutano wa "10h00" uliopangwa Kinshasa ni 11h00 kwetu, na mawakala wa bandari Dar es Salaam wameshafika 12h00. Zambia saa yao ni sawa na yetu. Andika "10h00 Kinshasa / 11h00 L'shi" kila mara, hata kwa wanaojua.

Mazungumzo ya wawili

Kila anayekuripotia moja kwa moja apate dakika ishirini na tano za peke yake kila wiki mbili. Ukiwa na watu sita ni dakika 150 kwa wiki mbili, saa moja na robo kwa wiki. Inaonekana ghali mpaka ukumbuke dakika zilizopotea kwenye daftari la wiki ya kwanza. Wakati huo si wa kutoa kazi. Kaeni nje ya biro, na kiti chako kisiwe nyuma ya meza.

Maswali yanayofungua kinywa ni ya namna hii: Kitu gani unakifanya kila wiki na hakimsaidii mtu yeyote? Nani hapa anakuchelewesha, na unafikiri ni kwa nini? Mteja gani anaanza kunung'unika? Ungekuwa mahali pangu, ungebadilisha nini kwanza? Hilo la mwisho mara ya kwanza halipati jibu. Uliza tena mara ya tatu au ya nne.

Andika jambo moja ulilokubali kufanya, na ulifanye kabla ya mazungumzo yajayo. Ukishindwa mara mbili mfululizo, mtu atakuambia tu kwamba kila kitu kinaendelea vizuri.

Wiki ya 4: sasa funga mlango

Sheria ya kazi ya Kongo imeweka masaa 45 kwa wiki. Chukua matatu, sehemu moja kati ya kumi na tano: vipindi viwili vya dakika tisini. Dakika thelathini hazitoshi, kwa sababu robo saa ya kwanza kichwa bado kiko depo. Masaa matatu mfululizo nayo yanageuka kuwa ya kujibu imeili.

Siku zinazofaa ni Jumanne na Alhamisi. Saa inategemea nani anakupigia. Kama kelele nyingi zinatoka Kinshasa, tumia 08h15 mpaka 09h45, baada ya mkutano wa asubuhi, maana kule ni 07h15 unapoanza. Kama kelele zinatoka mpakani na depo, asubuhi haifai kabisa, chukua 14h00 mpaka 15h30: magari yameshaondoka, na Kinshasa wako mezani. Ukiwa na shida zote mbili, anza na mchana.

Weka simu kwenye hali ya kutosumbuliwa, ile inayoandikwa "Ne pas déranger", na uwashe ruhusa ya anayepiga mara mbili. Kwenye iPhone simu ya pili ya namba ileile ndani ya dakika tatu hupita, kwenye Android nyingi ni ndani ya dakika kumi na tano. Waambie wote: D, piga mara mbili. Mtu akiitumia vibaya, muulize kwa upole ilikuwa ngazi ya ngapi. Si lazima uondoke kwenye jengo, lakini kama biro yako ina ukuta wa kioo, nenda chumba cha kumbukumbu.

Kipindi hakifutwi, kinahamishwa ndani ya siku mbili. Wiki ya tarehe 15 kipeleke mapema. Na kifanyike kwa karatasi: umeme ukikatika na jenereta ikianza kunguruma, usiwe na sababu ya kusimama. Sekretari achapishe jioni ya siku iliyotangulia ukurasa mmoja wa namba: mauzo kwa mteja, siku za kila gari barabarani na siku za kusubiri mpakani, madeni yaliyopita siku 60, mafuta kwa kilomita. Ukurasa mmoja tu. Ukiletewa mitano utasoma, hutafikiri.

Gawa dakika tisini hivi: kumi kusoma ukurasa, kumi kuandika swali moja kwa sentensi kamili, hamsini kulishughulikia, kumi na tano kuandika unachoamini na kwa nini, tano kuandika hatua inayofuata na jina la mtu. Kuandika swali ndiyo sehemu ngumu. "Tufanye nini kuhusu wateja?" haliko tayari. "Mteja mkubwa akisimamisha mzigo kwa miezi mitatu, tutalipa mishahara kwa pesa gani?" liko tayari.

Swali hilo si la kubuni. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, kwanza kwa miezi minne, ikaongezwa, na Oktoba mwaka huohuo ukaja utaratibu wa viwango vya kila kampuni. Aliyekuwa na magari yake yote kwenye kobalti aliikuta habari hiyo pamoja na kila mtu. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake nasi kwa muda mfupi, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania pamoja, kwa hiyo hata "tutapitia Sakania" haikuwa jibu. Na reli ya Lobito kutoka Angola inafika mpaka Kolwezi. Ikichukua sehemu ya shaba, gari lako litabeba nini, na kutoka wapi?

Piga hesabu rahisi kwanza. Orodhesha wateja, bidhaa na njia, na kwa kila moja andika ni sehemu gani ya mapato. Popote pana zaidi ya theluthi mahali pamoja, hapo pana swali la kipindi kijacho. Kisha siku za kusubiri: gari kumi zikisimama siku tatu zaidi kila mwezi ni siku thelathini za gari, sawa na gari moja zima unalolilipia lisifanye kazi. Wengi hugundua hapo kwamba walikuwa wanatafuta mkopo wa kununua gari walilokuwa nalo tayari.

Kwa mpango mkubwa, tumia kipindi kimoja kuuua kwenye karatasi. Andika juu: "Ni 30 Juni mwakani na mpango umeshindwa." Chini yake andika sababu saba za kushindwa, za kweli: mvua ya Novemba iliharibu njia ya depo mpya, fundi aliondoka, dola ya mteja ilichelewa siku tisini. Kisha weka alama kwenye zile unazoweza kuzizuia mwezi huu. Ukifanya na timu, kila mtu aandike kimya kabla ya yeyote kusema, la sivyo watarudia sababu yako.

Wiki ya 5: toa nje ulichofikiri

Wazo lililobaki kwenye daftari la shefu linaonekana kwa timu kama tabia ya kujifungia. Ndani ya siku mbili mweleze mtu mmoja anayehusika, kwa dakika kumi, na umwombe akuonyeshe pale usipoona. Mara moja kwa mwezi, kwenye mkutano wa asubuhi ulioongezwa mpaka nusu saa, sema mambo matatu kwa Kiswahili cha kawaida: tumeona nini, tumeamua nini, na nini hatutafanya tena. Hilo la tatu watalipenda kuliko mengine.

Bosi wa Kinshasa naye ni mtu wa timu yako, kwa upande wa juu. Mtumie ukurasa mmoja kila Jumatatu 09h00 kwa saa zake: namba nne zilezile kila wiki, hatari mbili, uamuzi mmoja unaoungoja kwake. Usikose hata wiki moja kwa miezi miwili. Anayepata habari kabla ya kuiuliza hupunguza kupiga. Ila mwambie mapema kuhusu Jumanne na Alhamisi, na kwamba akipiga mara mbili simu itaita, maana kumjaribu mkubwa kwa mshangao ni kujitafutia kesi.

Wiki ya 6: pima tena

Rudisha daftari la siku tano, herufi zilezile. R ikiwa haijapungua hata kwa nusu, angalia vocha: mpaka wa dola uko chini mno, au kuna mtu aliyekaripiwa. H ikiwa bado juu, ubao wa depo hausasishwi au picha haifiki mpakani. U ikipanda usiogope. Watu wanaleta maswali ya kweli kwa sababu yale madogo wanayamaliza wenyewe, na hayo ya ngazi ya 3 yapange pamoja kila siku 11h30, yajibiwe kwa mkupuo. D ikipanda ghafla bila ajali kuongezeka, timu imegundua mlango wa nyuma: soma orodha ya ngazi ya 4 upya kwenye mkutano wa asubuhi, polepole, kwa Kiswahili, na umwombe mmoja airudishe kwa maneno yake.

Jambo moja la kuangalia kwa jicho kali ni msaidizi wako. Shefu akipotea masaa matatu kwa wiki, mara nyingine msaidizi anakuwa ukuta mpya: R zote zinakwenda kwake, naye anaongeza sahihi yake pale ulipoitoa yako. Muombe naye aandike daftari la siku tano. Kama R zake ni nyingi, ukurasa wa ngazi haujafika chini, na kazi ya wiki ya pili irudiwe, safari hii yeye akiwa anayegawa.